Je, Anayefanya Wema Akaguliwe?



Katika mkutano mmoja wa wamama, dada mmoja alisimama kusema. Wengi wanamjua, kwa kuwa nyumbani mwake wanalala watoto kumi na mmoja ambao yeye hakuwazaa. Alisema: « Mimi nawalisha watoto hawa kwa jembe langu. Mungu ananiona. Sasa yule kijana wa Divas amekuja na kaye yake, akahesabu magodoro. Akauliza kama choo kina mlango ao hakina. Hakuleta hata sabuni moja. Yeye ni nani wa kunipima mimi? »

Wamama walipiga makofi. Mimi pia, niliyekuwa nimeketi nyuma kuandika maneno ya mkutano, nilipiga makofi. Lakini nilipokuwa nikirudi kwangu jioni ile, swali lake lilinifuata njiani kama mtu anayedai deni. Maana dada yetu hakuuliza juu ya choo. Aliuliza jambo kubwa: mtu anayefanya wema kwa ajili ya Mungu, je, ni haki akaguliwe na mwanadamu? Na kama ni haki, nani amkague, na akague nini?

Nataka tuangalie swali hilo polepole, kwa kuwa huku kwetu si swali la vitabu. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, watoto wengi wamebaki bila baba na mama. Wengine wamepokelewa katika jamaa, wengine katika nyumba za yatima, wengine katika viwanja vya makanisa. Kisha Ebola ilitangazwa huko Mangina, tarehe 1 mwezi wa nane 2018. Ikafika Beni, ikafika Butembo na Katwa, na haikutangazwa kuwa imekwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 waliipata, na 2.287 wakafa. Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa watoto waliouliza nani atawapikia. Hivi leo ni vigumu kupita katika kartie moja ya miji yetu miwili bila kupita mbele ya mlango ambamo mtoto analelewa na mtu asiyekuwa mzazi wake. Basi neno hili ni letu sote.

Wengi hujibu upesi: « Mungu anaona, inatosha. » Jibu hili lina harufu ya imani, lakini sisi wenyewe hatulifuati. Angalieni desturi yetu. Mtu akisimama katika ibada na kusema ameonyeshwa neno, je, tunalishika neno lile saa ileile? Hapana. Wenye karama wengine hukaa, hulipima, huuliza maswali. Ni Paulo aliyeagiza kwamba nabii akisema, wanaosikia wapambanue (1 Wakorinto 14:29). Nabii wa kweli hakasiriki anapopimwa. Akikasirika, hiyo tayari ni alama. Sasa, kama neno ambalo mtu anasema limetoka kwa Mungu linapimwa, kwa sababu gani uji wa mtoto usipimwe?

Paulo huyohuyo alipokwenda kupeleka sadaka ya makanisa kwa maskini wa Yerusalema, hakutaka kuibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa yenyewe. Alieleza sababu: asipatikane mtu wa kuwalaumu katika mali ile, na kazi yao iwe safi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia (2 Wakorinto 8:20-21). Huyu ni mtume aliyepigwa fimbo, aliyefungwa, aliyezama baharini. Angeweza kusema: makovu yangu ndiyo risiti yangu. Hakusema hivyo. Aliona kwamba kukaguliwa si kuitwa mwizi.

Lakini kosa letu sisi tuliopiga makofi lilikuwa na mzizi mwingine tena. Tulifikiri kwamba ukaguzi ni neno kati ya watu wawili, kijana wa Divas na mama mwenye nyumba, na sisi tukachagua upande wa mama. Tulimsahau mtu wa tatu, ambaye hakuwa katika mkutano. Mtu mzima akipewa chakula kilichochacha katika restora, kesho anakwenda kwingine. Mtoto yatima hana kwingine. Yule ambaye angemshitaki ndiye anayempa chakula cha jioni. Hata akiumizwa atanyamaza, na mgeni akimwuliza atasema anapendwa. Ni vilevile kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, kwa mzee asiyeona tena, kwa mtu mwenye akili iliyovurugika ambaye jamaa yake inamwacha katika kiwanja cha maombi na kurudi nyumbani. Watu hawa hawawezi kuondoka, wala hawawezi kusema. Anayekuja kukagua anakuja kwa deni lao. Mama mwenye nyumba hana haki ya kuwasamehe wengine deni ambalo si lake.

Sasa fungueni 1 Samweli, mlango wa pili. Tunausoma mara nyingi, lakini kuna mistari miwili tunayoipita haraka.

Hana alimleta mtoto wake Shilo angali mdogo, akamwacha mikononi mwa Eli kuhani. Katika Israeli yote hapakuwa nyumba ya malezi iliyo takatifu kuliko ile. Sanduku la Agano lilikuwa pale. Hana angeweza kusema: mtoto yuko kwa Mungu, kazi yangu imekwisha. Lakini imeandikwa kwamba mwaka kwa mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea (mstari wa 19). Wamama munaoshona, ninyi munajua neno hili kuliko mimi. Kanzu ya mtoto haishonwi kwa kukisia. Lazima ujue mabega yamefika wapi, mkono umeongezeka vidole vingapi, kama mtoto amenenepa ao amekonda. Na ili umvike kanzu mpya lazima umvue ile ya zamani, na mama anayemvua mtoto nguo anauona mgongo wake wote. Kanzu ile ilikuwa zawadi ya mama, na ilikuwa pia kontrole ya kila mwaka. Eli hakukasirika. Tunasoma kwamba alimbariki Hana na mume wake.

Teremsheni macho mpaka mstari wa 22. Wana wa Eli, makuhani wa nyumba ileile, walikuwa wakilala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Shilo ilikuwa ileile, siku zilikuwa zilezile. Mtoto mmoja alikuwa na mtu wa kuja kumpima mabega. Wanawake wa mlangoni hawakuwa na mtu. Na Eli hakukosa habari, kwa kuwa watu wote walimwambia. Aliwakaripia wanawe kwa mdomo, kisha akawaacha katika kazi. Kwa maneno ya leo tungesema kwamba raporo ilifika ofisini, ikasomwa, ikawekwa katika sanduku.

Wapendwa, mlango ule wa hema tumeuona hapa kwetu. Munakumbuka siku za Riposti, tangu 2018 mpaka 2020. Motokari zilijaa barabarani, dola zilionekana, na kila mtu alitafuta kazi: kupika, kufagia, kufua, kusajili majina. Wanawake wengi waliambiwa bei ya kazi hiyo, na bei haikuwa feza. Mwezi wa tisa 2020 waandishi wa habari wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walitoa maneno ya wanawake zaidi ya 50 wa Beni. OMS iliunda komisyo huru, na wenye kuiongoza walikuwa wanawake wawili, mama Aïchatou Mindaoudou wa Niger na mama Julienne Lusenge wa Kongo yetu. Tarehe 28 mwezi wa tisa 2021 komisyo ilitoa raporo yake. Ilipata watu 83 waliotuhumiwa, na katika hao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Mkubwa wa OMS, daktari Tedros, aliomba msamaha mbele ya dunia.

Tusiharakishe kusema: tazama wageni walivyo wabaya. Wenyeji pia walikuwa katika hesabu ile. Mimi nashangaa neno lingine. Siku zile kontrole ilikuwa kila mahali. Tulipimwa joto barabarani, tulioshwa mikono kwa maji ya kloro kwenye kila barière, majina ya wagonjwa yalihesabiwa kila jioni. Waliopima kipaji cha uso cha kila mwananchi hawakuwa na mwananchi wa kuwapima wao. Karatasi za kukataza mabaya zilikuwapo, hata watu walitia saini. Lakini shitaka moja lilipofika, wakubwa waliuliza kwanza kama mwanamke yule alikuwa katika wale wanaohudumiwa na shirika, na kwa kuwa hakuhesabiwa kati yao, uchunguzi haukufunguliwa. Hata wale wanawake wa Shilo hawakuwa wenye kuleta dhabihu. Walikuwa mlangoni tu. Mwaka 2023 shirika la habari Associated Press liliandika kwamba OMS ilikuwa imewapa wanawake wasiopungua 104 dola 250 kila mmoja. Acheni kila msomaji apime hesabu hiyo mwenyewe.

Lakini si haki kusema mabaya tu na kuficha mema ya siku zile. Katika Beni, shirika ALIMA liliweka vyumba ambavyo kuta zake ni plastiki inayopenyeka kwa macho. Munakumbuka hapo mwanzo watu walivyosema: anayeingia mule harudi, wanawaua mule ndani, wanawatoa viungo. Uvumi huo uliotesha chuki. Vituo vya Katwa na Butembo viliwashwa moto tarehe 24 na 27 mwezi wa pili 2019. Sisemi moto ule ulikuwa haki, hapana, na wagonjwa walikuwa ndani. Nasema tu kwamba mtu aliyefichwa baba yake nyuma ya ukuta ataamini lolote. Katika vile vyumba vya kuonekana, jamaa waliweza kusimama nje bila mavazi ya kujikinga, wakamwona mtu wao, wakasema naye. Waliona kama maji yamebadilishwa, kama shuka ni safi, kama muuguzi anamgusa kwa huruma ao kwa haraka. Jamaa hawakujua dawa, lakini walimjua mtu wao. Walikuwa inspekta ambaye hakuna ofisi ingeweza kumlipa. Na kando ya vituo, UNICEF na wenzake walifungua nyumba za kulelea watoto wadogo ambao mama zao walikuwa ndani. Wabebaji wa watoto hao walikuwa watu waliopona Ebola, na kila mtoto alifuatwa siku 21. Mtu aliyetoka kitandani kilekile hahitaji kufundishwa kwa nini mtoto analia saa nane ya usiku.

Ndiyo maana mimi naona jicho la kwanza la kukagua liwe la mtu anayempenda yule anayelindwa, kisha jicho la Leta lije. Kwetu mara nyingi tunangoja la Leta tu, na likikosa kuja tunalala.

Turudi sasa kwa dada yetu na watoto wake kumi na mmoja, kwa kuwa malalamiko yake yana kweli ndani, na nisiipite. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa Leta kazi ya kufuata mtoto asiye na mlezi, na nyumba inayopokea watoto inapaswa kujulikana. Sheria ni nzuri. Lakini kijana anayetumwa kuitimiza mara nyingi hana mshahara wa kutosha, hana pikipiki, na akifika anaomba feza ya mafuta. Mama anafungua kitambaa na kumpa feza ya chumvi. Inspekta anayepokea feza hiyo amekuwa mtoto wa kumi na mbili katika nyumba ile, tena ndiye anayekula kuliko wote. Tuseme wazi kwamba hiyo ni zambi. Pia jueni kwamba akishakula hataona kitu, wala kizuri wala kibaya.

Kuna neno gumu kuliko hilo. Tuseme kijana ni mwaminifu, hakuomba kitu, akaandika ukweli: watoto kumi na mmoja, magodoro manne, choo bila mlango, maji ya kisima kisichofunikwa. Tuseme wakubwa wake wakasoma na kuamuru nyumba ifungwe. Watoto waende wapi? Sokoni? Barabara ya Mbau? Ukaguzi unaofunga mlango na kuondoka hauna tofauti kubwa na ule unaopokea bahasha, maana wote wawili haujali mtoto atalala wapi leo.

Hapa Matendo ya Mitume mlango wa 6 unatusaidia. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Tazameni mitume walifanya nini. Hawakusema wanaonung'unika hawana imani. Hawakufunga meza. Waliongeza mikono: watu saba wenye sifa njema. Na ukisoma majina ya wale saba, yote ni ya Kiyunani. Mimi naamini hiyo si bahati. Kazi ya kuangalia meza waliwapa watu wa upande ule uliokuwa ukinyimwa.

Basi tunapoingia katika nyumba ya dada yetu na kuona upungufu, tuulize swali moja: je, jambo hili litaisha kwa feza, ao litaisha bila feza? Watoto watatu katika godoro moja, hilo ni umaskini. Maharagi bila mafuta, umaskini. Choo bila mlango, umaskini, na ni aibu yetu kuliko yake, kwa kuwa wababa wawili wa parokia wenye mbao nne na misumari wanaweza kumaliza kazi hiyo kabla ya saa sita. Mambo hayo tusiyaandike ili kumhukumu mtu. Tuyaandike ili tujue nini cha kubeba tunaporudi.

Lakini yako mambo mengine. Mtoto anayefungwa kamba. Mtoto anayepigwa kwa waya. Binti wa miaka 13 anayelala chumba kimoja na kijana mlinzi. Mtoto anayezunguka na beseni la mikate wakati watoto wa mwenye nyumba wako masomoni. Mtoto anayefichwa wageni wakija. Mambo hayo hayahitaji hata dola moja ili yaishe, na kwa hiyo umaskini hauwezi kuyatetea. Nimesikia watu wema wakisema: « Lakini angalau wanakula. » Hata wana wa Eli walikuwa wakichinja dhabihu, na watu walikula.

Na hapa niseme neno juu yetu, sisi tunaoamini maono. Mtoto analetwa katika kiwanja cha maombi kwa sababu katika jamaa kumekuwa vifo, na mtu ameota kwamba yeye ndiye mwenye kuwaua. Huku kwetu, baada ya vita na Ebola, vifo havikosekani, na yatima yuko karibu na kila kaburi, basi ni rahisi kumnyooshea kidole. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na ile sheria ya 2009, kifungu cha 160, inatoa azabu ya kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Lakini mimi sitaki tuogope jela tu. Ndoto ile ilipimwa na nani? Wapambanuzi walikuwa wangapi? Na hata kama wote wangesema ndiyo, nani alisema kupambanua kunatoa ruhusa ya kumnyima mtoto chakula siku tatu? Kufunga ni kwa mtu aliyechagua kufunga. Mtoto ambaye hakuchagua hafungi, ananyimwa chakula. Katika viwanja vyetu, mzee ao shemasi anayepita akimkuta mtoto wa namna hiyo asiulize kwanza habari ya roho. Aulize: amekula nini leo, analala wapi, na nani anamwosha.

Munaweza kuniuliza kwa nini naandika kwa uchungu. Nitasema.

Mwaka 2017 nilikuwa mmoja wa watu watano waliotumwa kutembelea nyumba moja ya yatima. Sitasema ni ya nani wala iko mji gani. Tulikuwa tumetangaza siku na saa ya kufika. Tulipokelewa kwa nyimbo. Vitanda vilikuwa na mashuka meupe, na katika mashuka ile mistari ya kukunjwa dukani ilikuwa bado inaonekana. Tulikula wali na nyama pamoja na watoto. Tuliwauliza mbele ya walezi wao: « Munakula vizuri? » Wakajibu wote kwa sauti moja: « Ndiyo, tunakula vizuri! » Tukafurahi. Nilipozunguka nyuma kwenda chooni nilimkuta mtoto wa kiume, labda wa miaka saba, anafunga kipande chake cha nyama katika jani la ndizi na kukitia mfukoni. Nilimwuliza kwa nini hali. Akaniambia: « Ni ya kesho. »

Nilisikia neno hilo kwa masikio yangu, kisha nikarudi katika saluni, nikatia saini. Raporo yetu ilisema nyumba ni safi na watoto wana furaha. Nilijiambia kwamba watoto ni watoto, wanapenda kuweka akiba. Baada ya miezi minane nyumba ile ilifungwa kwa mambo ambayo sitaandika katika karatasi inayosomwa na watoto. Saini yangu iko pale mpaka leo.

Tangu siku ile nimejifunza machache. Usitangaze saa. Njoo jioni, wakati moto umewashwa na chungu kiko juu yake. Usiulize « munakula vizuri? » Uliza « jana mulikula nini? » na ungoje, hata kama kimya ni kirefu. Zungumza na mtoto mahali ambapo mlezi anawaona lakini hawasikii. Tazama aliye mdogo kuliko wote na aliye mgonjwa, usimtazame yule anayejua kuimba. Shika godoro kwa mkono. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa kuwa hatuwezi kulala pale, angalau tukifunue. Na anayetembelea asiwe mmoja siku zote, kwa kuwa jicho lililozoea halioni. Wamama waende, maana kuna maneno ambayo binti hatamwambia mwanaume hata akiwa mzee wa kanisa. Hasa wachaguliwe wamama ambao wao wenyewe walilelewa katika nyumba za watu. Hao wanajua mahali pa kutazama.

Majuma matatu baada ya mkutano ule, tulikwenda kwa dada yetu bila kumwambia, mimi, shemasi mmoja na wamama wawili, mmoja wao fundi wa nguo. Ilikuwa saa kumi na mbili za jioni. Alipotuona mlangoni uso wake ulibadilika. « Hata ninyi? » alisema. Hatukuwa na jibu zuri. Mama fundi akasema tu: « Dada, masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa. Nimekuja kuwapima watoto, tuwashonee. »

Akasimama kidogo, kisha akatoka njiani. Chungu kilikuwa na maharagi na sombe. Magodoro yalikuwa manne kweli, yameinuliwa ukutani yasishike unyevu, na moja limeshonwa kwa uzi wa gunia. Watoto walipanga mstari kwa urefu, wakicheka kwa sababu ile mita ya kitambaa iliwatekenya. Mama fundi aliwavua mashati mmoja mmoja, akapima mabega, mkono, kifua, akazungusha kila mtoto polepole, na shemasi akaandika. Mtoto wa saba alikuwa na kovu kubwa mgongoni. Mama fundi alinyamaza. Dada yetu akasema kutoka jikoni, bila kugeuka: « Hilo alikuja nalo toka Eringeti. Mwulize mwenyewe, mimi niko huku. » Tulimwuliza, naye akatueleza.

Tulipokuwa tukiaga, dada yetu alitusindikiza mpaka kwenye uzio. Hakuwa amekasirika tena, lakini hakuwa amemaliza.

« Sasa mumeona, » alisema. « Mlango wa choo mutauleta lini? »

« Siku ya posho, » shemasi akajibu.

Mbao zilifika siku ya pili, na misumari haikutosha.